Mguu Uliosingiziwa

Uliza mtu yeyote wa mtaa wetu, hapa Quva, kwa nini posa ya Lobar na kijana wa Margilon ilivunjika. Atatazama kushoto, atatazama kulia, kisha atakunong'oneza: "Ni mguu wa shangazi yake." Atatikisa kichwa kwa huzuni, na akiwa mcha Mungu ataongeza kwamba kabla hujafa hujaumbika, kana kwamba methali hiyo inafuta alichokisema punde. Usimwamini. Nakwambia mapema ili usije ukanipotezea muda baadaye: mguu ule haukuvunja kitu. Siku ile ulikuwa umekaa zake nyuma ya ukuta, karibu na tanuri, pamoja na mwenyewe. Waliovunja posa wana miguu miwili miwili, mizima.

Mwenye mguu anaitwa Risolat. Homa ilimkamata akiwa ndio kwanza anajifunza kukimbia. Ilipoondoka ilimwacha hai, ila iliondoka na nguvu zote za mguu wa kulia. Mama yake alilia mpaka majirani wakachoka kumpa pole. Baba yake, aliyekuwa mwokaji, hakulia mbele za watu. Alichofanya ni kubomoa tanuri lake. Matanuri yetu humfika mtu mzima kiunoni, na mwokaji husimama, akainama, akaingiza nusu ya mwili kwenye joto ili aubandike mkate kwenye ukuta wake wa ndani. Mzee alilijenga upya, chini zaidi, na pembeni akafinyanga kiti cha udongo chenye mahali pa kukanyagia mguu wa kushoto. Jirani mmoja akachungulia juu ya ukuta.

"Ndugu yangu, hilo tanuri la kuchezea watoto?"

"La binti yangu," mzee akamjibu. "La kwako likikushinda, njoo ununue mkate kwake."

Na wakaja. Mpaka anafika umri wa kuolewa, Risolat alikuwa akioka mikate ya nusu ya mtaa, na mzee alikuwa amestaafu na kazi yake ni kusifu. Sasa hapa ndipo panaponiudhi. Mkate wa kula kila siku watu walinunua kwa Risolat, mkate wa karamu walinunua kwa Risolat, hata wa matanga. Lakini mkate wa posa, ule ambao wazee wa pande mbili wakishauvunja basi binti ameshaposwa na maneno hayarudi, huo walikwenda kuuoka kwingine. Wanasema unataka mkono wa mwanamke mwenye bahati timamu: mume yupo, watoto wapo, viungo vyote vipo. Risolat alilijua hilo tangu usichana na hakuwahi kuligombania. Alisema tu kwamba bahati za watu zina ladha ya hamira nyingi.

Usidhani lakini kwamba alikaa kona akihesabu kasoro zake. Alikuwa na ulimi mkali na kicheko kikubwa. Kwenye harusi aliketi katikati ya wanawake akacheza ngoma, maana ngoma yetu ni ya mikono na mabega, na kwa mikono na mabega hakuna aliyempata. Mchumba pia alikuwa naye. Ikrom, fundi baiskeli wa pale sokoni, aliyefiwa na mkewe, alimtuma dada yake kuja kuuliza. Risolat alitaka kukubali. Alitaka sana, na sioni sababu ya kulificha hilo leo.

Ila siku hizo alikuwa na mtoto. Mdogo wake, Odil, na mkewe Mavjuda walikuwa wamekwenda Urusi kutafuta kazi kama vijana wengi wa hapa, wakamwacha Lobar, hata maziwa hajayasahau vizuri, mikononi mwa bibi yake. Bibi akafariki. Mtoto akabaki na shangazi. Habari ya Ikrom ilipofika Urusi, Odil alipiga simu.

"Dada, mimi sikukatazi. Lakini ukiolewa, Lobar atabaki na nani?"

Swali kama hilo hujalijibu limeshajijibu. Ikrom alioa kwingine. Mpaka leo akinunua mkate wake anakagua magurudumu ya kigari cha Risolat, na lolote lililolegea hulikaza bila kusema neno.

Nimekitaja kigari. Kilikuwa kigari cha mtoto, kilinunuliwa kwa ajili ya Lobar. Huku kwetu wanawake wengi huuza mkate sokoni kwenye vigari vya namna hiyo, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa Risolat alipokipakia mikate upande mmoja, imefungwa kwenye blanketi, na mtoto upande wa pili. Kumbe kile kigari kilikuwa na faida nyingine. Ukikishika mpini ukakisukuma, huhitaji mkongojo. Kwa mara ya kwanza Risolat alitembea barabarani kichwa juu, mikono miwili mbele, mtoto akimtazama. Lobar alijua kuita "mkate wa moto, mkate wa moto" kabla hajajua kuita mama. Hilo nalo mama yake hakulisikia, maana alikuwa mbali.

Basi Lobar akakua. Akawa msichana wa kutazamwa, mrefu, mwenye nyusi zake, msusi wa nywele zake mwenyewe. Washenga wakaanza kupita mtaani. Ilipotajwa familia ya Margilon, watu wa hariri, wenye jina zuri, Mavjuda na Odil wakafunga virago wakarudi nyumbani kusimamia mambo. Risolat aliwapokea kwa pilau. Moyoni alikuwa na haja moja tu: kuwepo barazani, kwenye kitambaa cha chakula pamoja na wakubwa wengine, mkate wa Lobar ukivunjwa. Si kusifiwa, si kuvishwa hariri. Kuwepo.

Zikiwa zimebaki siku chache wageni waje, Mavjuda akamwita kwenye chai. Odil alikuwepo, kashika bakuli lake la chai kwa mikono miwili.

"Wifi, nisikilize usikasirike," Mavjuda akaanza, na mtu akianza hivyo ujue la kukasirikia lipo.

"Bado sijakasirika. Sema."

"Wale watu wa Margilon ni wa kuchunguza. Wanatazama ukoo. Sasa wakiona..." Akautazama mguu, maneno akayaacha njiani.

"Wakiona nini? Mkongojo? Waambie si wa kurithi, nilichongewa."

Odil akacheka. Kisha akaona mke wake hacheki, akarudi kwenye chai yake.

"Watadhani ni ugonjwa wa damu," Mavjuda akasema. "Watadhani Lobar naye atazaa hivyo."

"Ni polio, Mavjuda. Hairithiwi. Hata wewe unajua."

"Mimi najua, wao je? Ni siku moja tu, wifi. Ukae kule kwenye tanuri, mlango ukiwa umefungwa. Wakiondoka unatoka."

"Mtoto huyu nimemlea mimi."

"Hakuna anayebisha. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

Risolat alitaka kumwuliza huo uchungu aliusikia kwa simu au uliletwa na treni. Ulikuwa umeshafika ncha ya ulimi. Lakini Lobar alikuwa ameingia, na pengine alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Akapiga magoti, akamshika shangazi yake mkono, akaubana kwenye shavu kama alivyokuwa akifanya utotoni akitaka zabibu.

"Shangazi, siku moja tu. Nikishaingia kwao nitawaambia mwenyewe."

"Unanionea haya?"

"Sikuonei haya. Naogopa."

Risolat alikuwa ameishi na macho ya watu maisha yake yote. Haya na woga alikuwa anavitofautisha hata gizani. Siku ile aliamua kutotofautisha. Mchelea mwana kulia hulia yeye, tumeambiwa tangu zamani, na sijaona mlezi hata mmoja aliyesikia.

"Haya," akasema. "Siku moja."

Ikaja asubuhi yenyewe. Mikate ya kula Risolat aliimaliza mapema. Ile miwili ya posa ilikuwa kazi ya Mavjuda, mwenye mume, mwenye mtoto, mwenye viungo vyake. Akavaa gauni la atlasi, akafunga kitambaa kichwani, akakaa kwenye kile kiti cha udongo. Miaka mingi ya Urusi haimwachi mtu na mkono wa tanuri. Mkate wa kwanza ulidondoka kwenye makaa. Wa pili ulishika upande mmoja ukaning'inia kama sikio la mbwa. Wa tatu akajiunguza, akauachia ukaenda kumfuata mwenzake.

"Wifi," akaita, amejishika mkono. "Hebu."

Risolat akaja. Akakaa, akakanyaga, akanyunyiza maji, akachukua kidude cha pini alichoachiwa na baba yake, akatoboa ua katikati ya kila mkate, akaibandika. Ilipotoka ilikuwa imeumuka sawasawa, wekundu wake unang'aa. Mavjuda akaifunika kitambaa upesi, akaibeba, akaufunga mlango wa ua wa tanuri kwa nje. Ukuta wa pale ni wa udongo mwembamba, na juu una kidirisha cha kutolea moshi kinachotazama barazani. Kila neno la barazani husikika tanurini. Risolat aliyajua hayo. Mavjuda aliyasahau.

Na alisahau kitu kikubwa zaidi. Jamani, nani asiyejua kwamba mshenga haanzi na nyumba ya binti? Mshenga huanza na majirani. Huanza na muuza mboga, na bibi anayefagia mbele ya lango lake, na wanawake wa sokoni. Huuliza: binti wa fulani yukoje, kalelewa na nani, nyumba ile inagombana? Akija kubisha hodi kwako ameshakujua mpaka bei ya viatu vyako. Hivi ndivyo tulivyo, hata Mavjuda kabla hajaolewa aliulizwa hivyo. Halafu leo anamfungia nyuma ya mlango mwanamke ambaye Quva nzima inakula mkate wake. Ukitaka kuficha jua kwa ungo, angalau chagua siku ya mawingu.

Wageni wakaja, wanawake pekee, wakiongozwa na bibi wa kijana, Hosiyat, mama mzee mfupi mwenye mikono mikubwa. Wakakaa. Chai ikamiminwa, komamanga zikapasuliwa, dua ikasomwa. Risolat alikuwa kwenye kiti chake cha udongo, mgongo ukutani, anasikia vijiko. Kisha akasikia sauti ya mama mzee.

"Mkate huu ni wa mkono wa nani?"

"Wangu, mama," Mavjuda akajibu.

"Mashallah. Na wewe, mwanangu Lobar, wazazi wako walipokuwa Urusi ulilelewa na nani?"

"Na bibi yangu, marehemu."

"Mungu amrehemu. Na baada ya bibi?"

Risolat alishika ukingo wa tanuri, bado lilikuwa la moto, na hakuuondoa mkono.

"Niliendelea tu mwenyewe," Lobar akasema. "Majirani walikuwa wananitazama."

"Hapakuwa na mtu mwingine nyumbani?"

"Hapana, bibi. Yupo mwokaji tu, tunamkodi."

Uongo wa kufichwa Risolat alikuwa ameukubali. Huu haukuwemo kwenye makubaliano. Hakuna aliyemlazimisha mtoto yule kusema tunamkodi. Angeweza kusema shangazi yangu yupo, leo anaumwa. Angeweza kusema amesafiri. Alitafuta neno, na hilo ndilo lililokuwa karibu. Risolat aliumia, tena kwa namna ambayo maneno ya watu wa nje hayajawahi kumuumiza.

Barazani Hosiyat alikuwa ananyanyuka.

"Nataka kunawa mikono."

"Kaa mama, nakuletea maji hapo hapo," Mavjuda akasema haraka.

"Kaa wewe, mwanangu. Mimi nina miguu bado."

Kitasa cha mlango wa ua kikafunguliwa. Mama mzee akaingia, akarudisha mlango nyuma yake. Akamwona Risolat, akauona mkongojo, akakiona kigari kimesimama na mikate chini ya blanketi.

"Assalam aleikum."

"Waaleikum salaam, mama. Umepotea njia? Maji yako upande ule."

"Sijapotea. Mkate ule ni wako."

"Wa mama wa binti. Mimi namtilia kuni."

"Na hapa nyumbani wewe ni nani?"

Risolat alikuwa ameahidi siku moja, na siku ilikuwa haijaisha. Alikuwa na hasira ya kubomoa ukuta, na hata hivyo alimwona Lobar kwa akili yake, amekaa pale barazani mgongo umenyooka, anangoja.

"Mwokaji tu, mama," akasema. "Wananikodi."

Alitumia neno lile lile la Lobar ili maneno yao yasipishane. Hosiyat akavuta gogo la kuni, akakaa.

"Sokoni wameniambia vingine. Nimeuliza kabla ya kuja, kama kila mtu anavyouliza. Wakaniambia binti wa Odil amelelewa na shangazi yake, yule wa kigari, mkali wa ulimi, mkate wake hauna mfano. Nikasema basi huko ndiko kwa kuchukua mke wa mjukuu wangu. Mimi kaka yangu ni kiziwi tangu kuzaliwa. Siku naolewa yeye ndiye aliyekaa juu kabisa, mbele ya wazee wote, na aliyetaka kucheka alichekea nje."

Risolat akajivuta mbele kwenye kiti chake.

"Mama, ni mtoto yule. Ameogopa tu. Rudi ukavunje mkate, nakuomba."

"Wewe umejikana kwa ajili yake, hilo nalielewa," Hosiyat akasema. "Yeye amekukana kwa ajili ya nani?"

Mama mzee alingoja, kwa kweli alingoja, kisha akainuka, akamgusa bega, akatoka bila kunawa.

Barazani aliichukua ile mikate miwili iliyopangwa mmoja juu ya mwingine mbele yake, akaifunika kitambaa, akaisogeza kwa wenyewe.

"Mkate ni mzuri. Uleni wenyewe kwa heri."

"Kulikoni mama?" Mavjuda akauliza. "Kama ni kwa sababu ya yule kiwete, yule si..."

"Kiwete umemtaja wewe. Mimi nimeuliza aliyemlea binti, nikaambiwa hakuna. Sikatai mguu wa mtu, mwanangu. Nakataa ulimi. Anayemkana aliyemlea leo, mimi nikizeeka atanikumbuka kwa lipi?"

Wakavaa viatu vyao, wakaondoka. Odil aliwasindikiza mpaka langoni akiwa ameshika buli la chai, kalisahau mkononi.

Ungedhani baada ya maneno ya wazi namna ile nyumba ingejitazama. Thubutu. Mavjuda alifika tanurini kabla wageni hawajafika barabarani.

"Nilikwambia ukae ndani."

"Nilikuwa ndani. Ulifunga mwenyewe."

"Umemwambia nini yule bibi?"

"Nilimwambia mimi ni mwokaji wa kukodi. Kama alivyosema binti yako."

Lobar alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, machozi na wanja vimechanganyika.

"Basi kwa nini hakuamini?"

"Kwa sababu ni uongo, mwanangu."

"Na uongo umetoka wapi?" Lobar akasema. "Ungekuwa huna mguu huo, kungekuwa na haja gani ya uongo?"

Asante ya punda ni mateke. Risolat alichukua mkongojo wake, akawapita wote wawili, akapanda barazani kwa ule mwendo wake wa kuvuta. Kitambaa cha chakula kilikuwa bado kimetandikwa, komamanga wazi, chai inapoa. Akaenda kukaa pale pale alipokuwa amekaa Hosiyat. Akaifunua mikate. Akasema bismillahi, akauvunja wa juu katikati, akaanza kula.

Odil alirudi na buli lake, akasimama.

"Dada, huo ni mkate wa posa."

"Najua. Nilitaka kuwepo ukivunjwa."

Aliumaliza wote, kipande kwa kipande, bila haraka. Kwetu mkate hautupwi.

Sasa rudi kwenye ule mnong'ono nilioanza nao. Kabla ya swala ya alasiri mtaa ulikuwa na habari, na habari hiyo aliitoa Mavjuda mwenyewe langoni: wamemwona wifi, wameogopa ukoo. Ilikuwa habari nyepesi kubeba. Haikumdai mtu kitu. Mguu hauwezi kujitetea, haukuambiwa siri yoyote, na tangu zamani watu walikuwa wanautafutia kosa. Hata wale waliomsifu Risolat kwa Hosiyat sokoni waliiamini. Ikrom peke yake, akikaza gurudumu, alimwuliza ni kweli? Risolat akamwambia kaza vizuri, Ikrom, lile jingine pia. Akamwelewa.

Lakini kuna kitu Risolat alikibadilisha. Alikuwa akiuzia sokoni. Akaacha. Akakiweka kigari mbele ya lango la nyumba, akaweka kiti, akakaa na mkongojo umelazwa magotini, mtu haingii wala hatoki bila kuuona. Mavjuda akaja juu.

"Unatutia aibu makusudi. Nani atakuja kuposa hapa?"

"Atakayekuja atanipita mimi kwanza. Nyumba hii baba aliniachia pamoja na tanuri. Ukitaka lango lisilo na mguu, Urusi bado ipo."

Mavjuda alimgeukia mumewe. Odil akasema chai imepoa, akaingia ndani.

Majira ya baridi yalipita hivyo. Theluji ikayeyuka, matope yakakauka, mabinti wakaanza tena kufagia na kunyunyiza maji mbele ya malango yao asubuhi, na washenga wakaanza tena kupita wakijifanya wana safari zao. Asubuhi moja wanawake wawili wakasimama mbele ya kigari. Lobar alikuwa hatua chache kutoka pale, ameinama na ufagio. Alikuwa amekonda. Tangu siku ile yeye na shangazi yake walikuwa wanaongea mambo ya unga na kuni tu.

"Hapa ndipo kwa Odil?" mmoja akauliza, macho kwenye mikate.

"Ndipo."

"Tumetoka Rishton. Na wewe, dada, ni nani hapa?"

Risolat aliufunika mkate taratibu.

"Muulizeni huyo anayefagia."

Ufagio ukasimama. Lobar akainua uso. Akamtazama shangazi yake, akautazama mkongojo, akawatazama wageni.

"Ni shangazi yangu," akasema. "Ndiye aliyenilea."

Alilisema haraka na kwa usahihi, kama mwanafunzi anayerudia mtihani. Wageni wakafurahi, wakasema mashallah, wakashikana mikono na Risolat, mmoja akamsifu binti kwa adabu zake. Risolat akawapa mkate wa kuonja, akawaambia waingie, mlango uko wazi.

Walipoingia, wakabaki wawili langoni. Neno lile Risolat alikuwa amelingoja kwa hamu muda mrefu. Sasa lilikuwa limefika kama mkate wa juzi, ambao ukiuchovya kwenye chai unalika.

"Lobar," akaita polepole. "Umesema kwa sababu ni kweli, au kwa sababu umejifunza?"

Lobar aliinama, akaendelea kufagia pale pale alipokwisha kufagia. Risolat akamtazama kidogo, akashika mkongojo, akaingia ndani kukaa na wageni.